Jinsi ya Kuandika Uhakiki wa Hadithi za Wachina wa Marekani Bila Kuishia kwenye "Tamaduni Mbili"

Kila nikiitisha insha kuhusu usawiri wa Wachina wahamiaji katika fasihi ya Marekani, naletewa sentensi ileile: "Mhusika amekwama kati ya tamaduni mbili." Kitabu hubadilika, majina hubadilika, sentensi haibadiliki. Si uongo. Tatizo lake ni kwamba unaweza kuiandika bila kufungua kitabu, na wanaozisahihisha insha hizi wanalijua hilo.

Njia ninayokuonyesha hapa inaliacha kando neno utamaduni hadi mwisho. Tunaanza na karatasi, mlango na ulimi: nani alimruhusu mhusika aingie, aliingia kwa hati gani, anasema na nani na kwa lugha ipi. Ukivipata vitatu hivyo, utambulisho wake utakuwa umeshauona, tena kwa ushahidi.

## Andaa hivi kwanza

Hadithi moja fupi ya kufanyia mazoezi. Usianze na riwaya. Mimi hutumia "In the Land of the Free" ya Sui Sin Far, iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1912, "Mrs. Spring Fragrance". Ni ya kurasa chache, haki zake za uchapishaji zimekwisha muda, kwa hiyo unaisoma bure na kihalali. Mifano mingi hapa chini imetoka humo.

Daftari lenye safu tatu. Juu ya safu andika: Karatasi, Ulimi, Msikilizaji. Basi. Ukiongeza safu ya nne inayoitwa "Utamaduni" utaijaza hiyo peke yake.

Penseli mbili za rangi tofauti. Moja ya maneno yanayosemwa kwa Kichina (hata kama yameandikwa kwa Kiingereza), nyingine ya yale yanayosemwa kwa Kiingereza kweli.

Ratiba ya miaka. Nakili hii ndani ya jalada la daftari:

- 1875: sheria ya kwanza ya kuchuja wahamiaji, ambayo kiutendaji iliwafungia mlango wanawake wengi wa Kichina.
- 1882: vibarua wa Kichina wapigwa marufuku kuingia. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na wasafiri waachwa wapite.
- 1906: tetemeko na moto vyaiteketeza San Francisco pamoja na kumbukumbu zake za vizazi. Wanaume wengi wadai walizaliwa pale, hivyo ni raia, na kwamba wana watoto China. Nafasi za "watoto" hao zauzwa kwa wengine. Walioingia hivyo waliitwa watoto wa karatasi.
- 1910 hadi 1940: kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco. Wengine walizuiliwa siku, wengine miezi, wakihojiwa.
- 1943: marufuku yafutwa, lakini Wachina wapewa nafasi 105 tu kwa mwaka.
- 1965: mgawo wa nafasi kwa misingi ya taifa waondolewa. Waanza kuja watu wa aina nyingine kabisa, wengi wakiwa wasomi.

Hiyo siyo historia ya kujaza utangulizi wa insha. Ni kama ufunguo wa nyumba: unakaa mfukoni, unautoa ukifika mlangoni.

## Hatua ya 1: Weka miaka miwili juu ya ukurasa

Andika mwaka kitabu kilipochapishwa na mwaka ambamo matukio yanatokea. Mara nyingi si mmoja, na hapo ndipo wengi wanaanguka.

Chukua riwaya ya Louis Chu, "Eat a Bowl of Tea". Ilichapishwa mwaka 1961, lakini matukio yake ni ya miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika Chinatown, mtaa wa Wachina, ya New York. Humo mna wazee wanaocheza mahjong (mchezo wa vigae wa Kichina), wanaoosha nguo za watu na kuhudumu mikahawani, na wake zao wako China. Baba wa mhusika mkuu hajamwona mkewe kwa zaidi ya miaka ishirini. Insha ninazozipata husema: "Hii inaonyesha kuwa katika utamaduni wa Kichina mwanamume hathamini ndoa."

Fungua jalada la daftari. Mwaka 1875, mwaka 1882. Wazee hawa hawakukataa kuwaleta wake zao, ila sheria ndiyo iliyokataa. Kijana wao Ben Loy anaweza kwenda kuoa na kumleta mke kwa sababu alikuwa askari wa jeshi la Marekani na baada ya vita sheria zilikuwa zimelegezwa kwa watu kama yeye. Mtaa mzima unaiangalia ndoa hiyo moja kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na kijana anashindwa kitandani. Sasa aibu yake ina uzito mwingine, sivyo?

*Umefaulu ukiweza* kusema kwa sentensi moja ni sheria gani iliyosimama mlangoni pa mhusika wako.

## Hatua ya 2: Soma mara ya kwanza ukitafuta karatasi tu

Usipigie mstari hisia. Pigia mstari kila hati, sahihi, ofisa, picha ya pasipoti, jina lililobadilishwa, na kila mahali mtu anapoulizwa "wewe ni nani?" na mwenye mamlaka ya kutokubali jibu.

Sababu ni hii. Katika fasihi nyingi za wahamiaji, karatasi huthibitisha mtu ni nani. Katika fasihi ya Wachina wa Marekani, hasa kabla ya 1965, karatasi mara nyingi *humtengeneza* mtu. Mtu anakuwa mtoto wa baba asiye baba yake, anabeba ukoo usio wake, anakariri ramani ya kijiji na idadi ya vidato vya nyumba asiyoijua ili amshinde mhoji. Kisha anakufa na jina hilo.

Tufanye mazoezi. Katika "In the Land of the Free", Lae Choo anashuka melini San Francisco akiwa na mtoto mchanga. Mumewe, Hom Hing, anawasubiri bandarini. Maofisa wanamruhusu mama, wanamzuia mtoto, kwa sababu alizaliwa China na hana hati. Hom Hing ni mfanyabiashara. Msomaji wa haraka analipita neno hilo, lakini wewe una ratiba: mfanyabiashara ni kundi lililoruhusiwa. Angekuwa kibarua, hadithi nzima isingekuwepo, maana Lae Choo mwenyewe asingeshuka.

Familia hii imetimiza kila kitu sheria ilichokitaka, na bado mtoto anachukuliwa. Wakili anakuja, anataka dola 500 aende kushughulikia Washington. Mume hana. Mama anavua vito vyake, kimoja kimoja. Miezi kumi inapita ndipo karatasi inafika. Mama anakwenda kumchukua mtoto kwenye shule ya wamisionari, anamkuta amepewa jina la Kim, amevalishwa kigeni, na amejificha kwenye sketi ya mwanamke mzungu. Mtoto anamfukuza mama yake, aondoke, kwa Kiingereza.

Angalia safu yako ya Karatasi ilivyojaa bila neno utamaduni kutokea hata mara moja.

Ukihamia kwenye riwaya, jaribu "Bone" ya Fae Myenne Ng, ya mwaka 1993. Leon ni mtoto wa karatasi, na amehifadhi sanduku la safari lililojaa hati, barua za kukataliwa kazi na kila kipande chenye jina lake. Binti wa kambo analifungua akitafuta hati za kumpatia mzee mafao. Tarehe hazilingani. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba sanduku hilo ni "ishara ya kumbukumbu". Hapana, au tuseme ni mapema mno kusema hivyo. Kwanza ni sanduku la mtu anayejua kwamba siku moja anaweza kuulizwa. Ishara itafuata yenyewe.

Tahadhari: usimwite mtoto wa karatasi "mdanganyifu" wala "shujaa" katika hatua hii. Andika alichofanya, ofisi ilifanya nini, na nani alilipa.

## Hatua ya 3: Soma mara ya pili kwa penseli mbili

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawautumii.

Waandishi hawa wanaandika Kiingereza, lakini wahusika wao mara nyingi wanasema Kikantoni, Kitaishan (cha eneo la Taishan, kusini mwa China) au Kimandarini. Mwandishi anapaswa kuamua Kichina hicho kisikike vipi katika Kiingereza, na uamuzi huo ndio usawiri wenyewe. Sui Sin Far anampa Lae Choo ndimi mbili. Akisema na mtoto na mume, maneno yake ni ya heshima, kwa Kiingereza cha kale kile cha Biblia. Akisema na wakili, ni Kiingereza cha kuungaunga. Mwanamke ni yuleyule. Wakili anasikia nusu mtu, sisi tunasikia mtu mzima. Na kwa Kiingereza hichohicho cha kuungaunga anamwambia wakili usoni kwamba yeye si mtu mwema wa kupigiwa mfano, ni mzungu wa kawaida tu.

Louis Chu alikwenda njia nyingine. Aliyachukua matusi na maamkizi ya wazee wa Chinatown akayatafsiri neno kwa neno, kwa hiyo Kiingereza chake kinasikika kigeni kwa makusudi. Wewe unayejua "shikamoo" ikitafsiriwa inakuwa kitu gani cha ajabu, utamwelewa upesi kuliko msomaji wa Boston.

Sasa jambo la ukoo. Kiingereza kina "aunt" moja. Kichina, kama Kiswahili, kinatenganisha: dada wa baba ana neno lake, dada wa mama lake, na mkubwa hachanganywi na mdogo. Sura ya kwanza ya "The Woman Warrior" ya Maxine Hong Kingston inamhusu ndugu wa baba aliyezaa nje ya ndoa na kujitupa kisimani pamoja na mtoto, kisha ukoo ukalifuta jina lake. Huyo kwa Kiswahili ni *shangazi*, siyo "mama mdogo", na siyo "aunti". Ukiandika shangazi, msomaji wako anajua papo hapo kwamba aibu iko upande wa baba, katika nyumba yenye jina. Neno moja, aya nzima imeokolewa.

Tahadhari: katika "The Joy Luck Club" ya Amy Tan, akina mama wanaoitwa "Auntie" si ndugu wa damu. Ni marafiki wa mama mezani pa mahjong. Ukiwaita shangazi umebomoa kila kitu. Kwetu tungesema Mama Waverly, na inatosha.

*Umefaulu* ukiona kurasa zako zina rangi mbili, na mahali ambapo rangi zinakutana katika mdomo wa mhusika mmoja umeweka alama. Alama hizo ndizo aya za insha yako.

## Hatua ya 4: Uliza anaambiwa nani

Jaza safu ya tatu. Si "msimulizi ni nafsi ya kwanza", hilo kila mtu analiona. Uliza maneno yanamlenga nani.

"The Joy Luck Club" ina mama wanne na mabinti wanne, lakini mama wanaosimulia ni watatu. Suyuan amekwisha kufa, na binti yake Jing-mei anakalia kiti chake mezani. Akina mama wanasema mambo ambayo mabinti zao hawayasikii, sisi ndio tunayasikia. Ukiliona hilo huwezi tena kuandika kwamba kitabu kinahusu "ukosefu wa mawasiliano" kisha ukanyamaza.

Kitabu cha Kingston kinaanza kwa mama kumkataza binti asimwambie mtu yeyote. Kisha binti anaichapa siri hiyo kitabuni, mwaka 1976.

Na hapa nikiri kosa langu. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kurasa nne nikieleza "jinsi Wachina wanavyosimulia" kisa cha msichana shujaa Mulan, chanzo changu kikiwa Kingston peke yake. Katika kitabu hicho wazazi wanamchora binti maneno mgongoni kwa kisu. Msahihishaji aliandika pembeni: "Huu ni mgongo wa nani?" Kwa kweli kuandikwa mgongoni ni katika masimulizi ya jenerali Yue Fei. Kingston alivichanganya visa viwili, na kwa ajili ya michanganyo ya namna hiyo mwandishi mwenzake Frank Chin alimshambulia miaka mingi, akisema anawauzia wazungu Uchina wa bandia. Wengine walimjibu kwamba msimulizi wake ni mtoto wa California anayejitengenezea hadithi kwa vipande alivyosikia jikoni. Mimi niko na hao wa pili, ila nilihitaji alama mbovu kufika hapo.

Kwa hiyo: mwandishi si balozi. Kila unapotaka kuandika "Wachina huamini", andika jina la mhusika anayeamini na jina la anayemwambia.

## Hatua ya 5: Pima kama mhusika ni bapa

Hatua hii ni fupi. Mhusika bapa ni yule mwenye upande mmoja tu, asiye mtu kamili. Uliza maswali matatu. Je, ana jina, au ni "mpishi Mchina"? Je, kuna ukurasa hata mmoja anaosema na Mchina mwenzake pasipo mzungu chumbani? Je, kuna kitu anachokitaka ambacho hakihusiani na kumsaidia au kumdhuru mzungu?

Fu Manchu, jitu baya lililobuniwa na Mwingereza Sax Rohmer na kupendwa sana Marekani, anaanguka kwenye swali la tatu. Charlie Chan, mpelelezi wa Honolulu aliyebuniwa na Earl Derr Biggers katika miaka ya 1920, ni mwema, mwerevu, mpole. Wanafunzi humpitisha kwa sababu ya wema. Wema haumwondoi mhusika kwenye ubapa. Mpime kwa maswali yaleyale, ukurasa kwa ukurasa, na uwe tayari kukuta anaponea mahali na kuanguka kwingine.

Charles Yu amelifanya swali hili kuwa riwaya nzima. "Interior Chinatown", iliyopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2020, imeandikwa kama mswada wa filamu, na mhusika wake Willis Wu anapanda cheo kutoka mchezaji wa nyuma asiye na jina hadi kutamani nafasi ya mpiga kung fu. Ukikipima kitabu hicho kwa maswali yangu matatu utagundua kwamba mwandishi ameshayajua na anayacheka.

Tahadhari ya nyumbani: usimlete Mchina wetu. Mafundi waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 waliletwa kwa mkataba wa serikali, na kazi ilipoisha wengi wao wakarudi kwao. Waliojenga upande wa magharibi wa reli ya Marekani iliyokamilika Utah mwaka 1869 walikuwa vibarua wa kampuni, wengi wao kutoka vijiji vya Guangdong, kusini mwa China, na sheria zilizowafuata tumeziona. Reli ni reli, lakini ulinganisho huo ufanye tu kama swali la insha limeuomba.

## Hatua ya 6: Andika hoja, kisha ijaribu kwa kubadilisha jina

Hoja yako iwe na mhusika, tendo, na anayelipa gharama. Linganisha:

*Dhaifu:* "Lae Choo anawakilisha mgongano wa utamaduni wa Kichina na wa Kimarekani."

*Imara:* "Mtoto wa Lae Choo hakuuacha Uchina kwa kuvutiwa na Marekani. Aligeuzwa mgeni kwa mama yake na ofisi iliyosubiri karatasi miezi kumi, na mama ndiye aliyelipa, kwanza kwa vito, kisha kwa mtoto mwenyewe."

Sasa toa jina la Lae Choo uweke la mhusika wa kitabu kingine, Leon kwa mfano. Sentensi dhaifu inaendelea kusimama bila wasiwasi. Hiyo ndiyo dalili kwamba haikusema kitu. Sentensi imara inaanguka mara moja, kwa sababu Leon hana vito wala mtoto aliyezuiliwa bandarini. Sentensi yoyote inayokubali jina la mwingine, ifute.

Aya ya ushahidi iende hivi: tukio, maneno yenyewe au ufupisho wake, ulimi uliotumika, sheria iliyoko nyuma, halafu hukumu yako. Kwa mfano:

"Maneno ya mwisho ya hadithi yako mdomoni mwa mtoto, na yako kwa Kiingereza. Mwanzoni, melini, mama alimsemesha kwa lugha ya nyumbani na yeye akawa msikilizaji. Mwishoni mtoto ndiye anayesema, na mama ndiye anayetakiwa kusikia. Hati kutoka Washington imemrudisha mtoto, lakini haikuwa na uwezo wa kumrudishia mama ulimi wa kumwitia."

Aya hiyo haina neno utambulisho, na mtu hahitaji kuambiwa kwamba inauzungumzia.

Ukimaliza rasimu, tafuta kwenye kompyuta maneno "tamaduni mbili", "njia panda" na "mgongano". Kila yanapotokea, rudi kwenye daftari uone safu ipi ulikuwa umeikimbia.

## Kabla ya kuipeleka: majina

Insha nzuri kabisa huharibika hapa. Kwa Kichina jina la ukoo hutangulia, lakini waandishi wengi waliozaliwa Marekani wameligeuza likaja mwisho, kwa hiyo angalia jalada. Amy Tan ni Tan. Fae Myenne Ng ni Ng. Kingston ni jina la mume. Majina ya wahusika yaache kama kitabu kilivyoyaandika, usiyasahihishe kwa tahajia ya Kimandarini ya leo. Wazee wa Taishan hawakujiita hivyo.

Na Sui Sin Far haligawanyiki. Mwandishi alizaliwa Uingereza mwaka 1865 akiitwa Edith Maude Eaton, baba Mwingereza, mama Mchina, akaishi Kanada na Marekani. Jina alilolichagua ni la ua, nasisi, lile la Kikantoni lenye maneno matatu. Kwa hiyo usiandike "Far anasema". Andika Sui Sin Far, lote, kila mara, au Eaton.